Jibu: Jumla ya kilo za korosho inazidi baada ya kuongeza malipo kwenye Django

Ndugu yangu wa Tandahimba, umeuliza kwa nini kilo za kila mkulima zilikuwa sahihi hadi ulipoongeza idadi ya malipo, ndipo zikapanda ghafla. Data yako ni nzima. Tatizo liko kwenye kweri, yaani ombi la data unaloandika kwa Django (mfumo wa Python wa kutengenezea tovuti).

Chukua mkulima mmoja. Ameleta ghalani mizigo miwili, kilo 80 na kilo 60, akalipwa kwa awamu tatu. Ukiweka Sum (jumla) ya kilo na Count (idadi) ya malipo kwenye annotate moja, amri inayompa kila mkulima hesabu yake, Django inaunganisha majedwali yote, na kila mzigo unakutana na kila malipo. Inapatikana mistari 6. Kilo 140 zinasomeka 420, malipo 3 yanasomeka 6.

Kwenye Count weka distinct=True, yaani kinachojirudia kihesabiwe mara moja tu, malipo yatarudi 3. Ila tafadhali usiiweke kwenye Sum! Mkulima mwenye mizigo miwili ya kilo 80 kila mmoja atahesabiwa mzigo mmoja tu, na hapo umemdhulumu jasho lake. Kilo zijumlishe ndani ya Subquery (kweri ndogo ndani ya kweri kuu), au andika kweri mbili tofauti. Mimi hupenda mbili, makosa yanaonekana upesi.

Jumla ya chama kizima cha ushirika (AMCOS) ni kazi ya aggregate, amri inayotoa jibu moja kwa wote. Asiye na mzigo, Sum humpa None (hakuna thamani) badala ya 0; kuanzia Django 4.0 ongeza default=0 ndani ya Sum.

Kabla hujawaonyesha viongozi wa AMCOS, fungua daftari la mzani, jumlisha wakulima watano kwa mkono, kisha linganisha. Zikipishana, bandika kweri yako hapa tuiangalie.