Border Collie anayewafukuza watoto

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba mbwa wako wa aina ya Border Collie huwazunguka watoto wanapokimbia na kuwauma kidogo visigino, nawe unahofu kuwa amekuwa mkali. Kwa maelezo hayo, huo si ukali. Mbwa hawa walikuzwa mpakani mwa Uingereza na Uskoti ili wachunge kondoo, na walio wengi leo wana damu ya dume aitwaye Old Hemp, aliyezaliwa mwaka 1893, ambaye alisifika kwa kuwaongoza kondoo kwa utulivu, akiwakazia macho tu. Kwa hiyo chochote kinachokimbia, awe mtoto au gari, huamsha silika hiyo.

Tafadhali usimpige, kwani ni mbwa mwepesi wa kuumia moyoni na adhabu humtia woga. Matembezi peke yake hayamtoshi, kwa sababu akili yake nayo inadai kazi: mfundishe kulala chini na kurudi aitwapo, mfichie vitu avitafute kwa kunusa, na umtuze papo hapo anapoacha kufukuza. Mpaka atakapozoea kutii, asiachwe na watoto wadogo bila mtu mzima, na karibu na barabara awe kwenye kamba daima.