Jibu: Korona ya zamani ya mkonge isiuzwe chuma chakavu

Habari mkuu. Umesema kijiji kizima kimetia saini kupinga korona ya shamba la mkonge (mtambo wa kutoa nyuzi kwenye majani, pamoja na jengo lake) kuuzwa chuma chakavu, na wilayani mmejibiwa "si ya kale". Nasi tulikwama hapohapo.

Kwanza angalieni hati ya eneo na mitambo ni ya nani, mkaongee naye. Wetu alikubali mapema. Wenu akigoma, mtahitaji mwanasheria.

Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Mkonge wenyewe uliletwa 1893 na Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, kwa hiyo hakuna korona itakayofika huko. Ila waziri anaweza kulitangaza jengo la baadaye kuwa la kulindwa, kupitia Gazeti la Serikali. Barua yenu iombe hilo waziwazi.

Saini peke yake hazikutusaidia. Tulisugua kutu kwa brashi ya waya kwenye kibati cha mashine mpaka jina la mtengenezaji na mwaka vikasomeka, tukapiga picha. Kisha tukawaita wazee waliokuwa wakilisha mashine majani ya mkonge. Mmoja alisimama palepale pa zamu yake ya alfajiri, akatuonyesha saruji ilivyolika kwa miguu yao. Tuliandika kila neno. Afisa utamaduni aliposoma, alikuja mwenyewe.

Fanyeni wiki hii, mkuu. Wanunuzi wa chuma huanza na injini, na kibati huondoka nayo.