Anza na paa la shule yenu, Ngorongoro itafuata

Mwalimu mwenzangu wa Bagamoyo, umeuliza kama inafaa kuwapeleka watoto wa darasa la tano Ngorongoro na Kilimanjaro kwa projekta, kwa kuwa shule haina pesa ya basi. Umeuliza pia kama kweli watajifunza ramani kwa njia hiyo au watafurahia picha tu. Nafundisha hapa Tanga mjini na nimefanya safari hizi kwa miaka kadhaa. Inafaa sana, ila usianzie Ngorongoro.

Mimi nilianzia huko. Niliazima projekta, nikatundika shuka jeupe ukutani, nikafungua Google Earth, programu inayoonyesha dunia kutoka juu, tukaruka mpaka kwenye kreta, lile shimo kubwa la volkano. Watoto walipiga makofi. Kesho yake nikawapa karatasi wachore ramani ya mahali tulipotembelea. Nilichopata ni simba, tembo na milima yenye ncha kali. Hakuna dira, hakuna skeli ya kupimia umbali, hakuna ufunguo wa alama, wala hata mmoja aliyejua kreta iko upande gani ukitokea Tanga. Nilikaa na karatasi zile jioni nzima, na iliniuma. Nilikuwa nimewapeleka mahali ambapo hawana pa kushika. Mtu huisoma ramani kwa kuilinganisha na anachokijua, na wao Ngorongoro hawajawahi kuikanyaga.

Muhula uliofuata nikaanza na swali moja: bahari iko upande gani? Darasa zima likajibu mashariki, maana ndivyo kitabu kinavyosema, na vidole vyote vikaelekea bandarini. Asubuhi iliyofuata, kwenye saa moja na nusu, nikawatoa uwanjani. Jua lilikuwa limeshachomoza upande wa Raskazone, rasi iliyo mashariki ya mji. Nikawaambia kila mmoja anyooshe mkono wa kulia kwenye jua, kisha aseme uso wake unatazama wapi. Ulikuwa unatazama bandarini. Kukawa kimya. Binti mmoja mpole, ambaye darasani hanyooshi mkono, akasema, "Mwalimu, kwa hiyo bandari yetu iko kaskazini?"

Hapo ndipo nilipowasha projekta. Kutoka juu waliona wenyewe: ghuba imeingia nchi kavu, mji umekaa kwenye ukingo wake wa kusini, Kisiwa cha Toten kiko mbele ya bandari, na bahari kuu iko mashariki, ukishapita Raskazone. Kitabu hakikukosea, na macho yao hayakukosea. Kilichokosekana ni picha ya kutoka juu ya kuviunganisha hivyo viwili. Kwangu hiyo ndiyo kazi ya safari ya mtandaoni: kumpa mtoto jicho la ndege juu ya mahali ambapo miguu yake imeshapita.

Jambo la pili ni karatasi. Usiwashe projekta kabla kila mtoto hajawa na ramani yake mezani na penseli mkononi. Kwenye skrini skeli hubadilika kila unaposogeza picha karibu au mbali, na mtoto hawezi kuelewa skeli kwa kitu kisichotulia. Karatasi imetulia. Sisi hutumia ramani ya 1:50,000, ambayo sentimita 2 ni kilomita 1. Nilikata nyuzi, watoto wakazilaza juu ya barabara ya kwenda mapango ya Amboni, wakifuata kila kona, kisha wakazinyoosha kwenye rula. Wengi walipata kama sentimita 16, yaani kilomita 8. Ndipo nikapima kwa rula ya Google Earth mstari ulionyooka, ikatoka pungufu. Ukazuka ubishi mkubwa, nani kakosea, uzi au kompyuta? Niliwaacha wabishane. Aliyeutatua ni mtoto ambaye baba yake ni dereva wa bodaboda: "Kunguru na bodaboda hawapiti njia moja."

Gridi, ile mistari inayokatana kwenye ramani, tuliipata mtaani Ngamiani. Ukivuka reli kutoka mjini, barabara za kule zina namba, na mtu akikuelekeza anakutajia barabara ya ngapi na inakatana na mtaa gani. Watoto wanalijua hilo tangu wadogo. Nikawaambia mistari ya gridi ni Ngamiani ya ramani nzima, kwanza unatembea kwenda mashariki, kisha unapanda kaskazini. Somo lililokuwa likinichukua wiki mbili likaisha kwa vipindi vitatu.

Safari ninayoipenda kuliko zote ni ya mto Zigi. Tunaanzia bombani, kwa sababu maji ya Tanga hutoka bwawa la Mabayani lililoko kwenye mto huo. Tunaupandisha kwa skrini, taratibu, kila mtoto akiuchora kwenye karatasi yake. Tunaona mashamba ya mkonge yalivyokatwa kwa mistari iliyonyooka, halafu kijani kinakolea, mpaka tunafika misitu ya Amani, Usambara Mashariki. Kila baada ya hatua nasimama nawauliza: tumeelekea wapi, tuko mita ngapi juu ya bahari? Programu ya kwenye laptopu huonyesha kimo chini ya picha. Wanaandika namba kando ya mto. Bila kujua, wanakuwa wameanza kontua, mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja.

Kontua yenyewe usiianzishe kwenye skrini. Chukua beseni, finyanga kilima cha udongo, mimina maji mpaka sentimita 2, chora kwa kijiti pale maji yalipogusa, ongeza sentimita 2 nyingine, chora tena. Mwisho mwaga maji, waite watoto wasimame na kukitazama kilima kutoka juu. Wataona duara ndani ya duara, na kwamba penye mteremko mkali mistari imebanana. Baada ya hapo ndipo unawaonyesha reli kwenye skrini. Ilianza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893, na inapita Muheza, Korogwe na Mombo kabla ya kuelekea Moshi. Kijana mmoja aliuliza kwa nini wajenzi hawakuinyoosha. Sikumjibu. Niliilaza picha mpaka milima ya Usambara ikasimama kama ukuta, akasema mwenyewe, "Wameuzunguka mlima."

Kuhusu bando na umeme: pitia njia yote nyumbani usiku kwenye Google Earth Pro, ambayo ni ya bure. Hutunza kwenye laptopu picha ulizokwisha kupita, kwa hiyo darasani hutegemei sana mtandao. Pia chapisha picha nne au tano stesheneri. Umeme umewahi kunikatikia tukiwa katikati ya mto, na karatasi zile ndizo zilizoniokoa.

Ngorongoro tulirudi mwishoni. Safari hii walianza wao kuuliza: kaskazini iko wapi, skeli ni ngapi? Tukapima upana wa kreta, karibu kilomita 19. Yule binti wa bandari akahesabu kimyakimya, akasema ukienda Amboni na kurudi bado hujaivuka. Siku hiyo hakuna aliyechora simba.

Kwa ninyi wa Bagamoyo, mto wenu ni Ruvu. Anza pale mto unapomwaga maji baharini, kaskazini ya mji, muupandishe mpaka milima ya Uluguru. Ila kwanza watoe watoto uwanjani asubuhi, mkono wa kulia kwenye jua, uwaulize magofu ya Kaole yako nyuma yao au mbele yao. Ukipata muda niandikie walichojibu.