Mpwa wangu, hakuna jimbo lisilo na uhamiaji

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, na ule uliousambaza kwenye kundi la familia nimeusoma. Eti ukizamia hapa Massachusetts, Marekani, hakuna wa kukugusa, polisi wa huku wamekatazwa kushika wahamiaji, kwa hiyo uje na viza ya matembezi kisha usirudi. Mama yako ameshaanza kutafuta mteja wa kile kiwanja cha Pongwe. Nimekasirika, sikufichi. Mwambie asiuze kwanza.

Hao waliokutumia wameshika kipande cha kweli wakakitia chumvi. Polisi wa mji ni wengine, na ICE, yaani uhamiaji wa serikali kuu, ni wengine. Ukikamatwa kwa kosa lolote, unachukuliwa alama za vidole. Zinakwenda FBI, wapelelezi wa serikali kuu, na kutoka huko zinafika uhamiaji. Hilo ni kila jimbo, hata hili. ICE wakiona huna karatasi, wanaiandikia jela: huyu mkimalizana naye msimwachie, mshikilieni hadi saa 48 tuje tumchukue. Ni ombi tu, halina sahihi ya hakimu. Julai 2017 mahakama ya juu kabisa ya jimbo hili iliamua kwamba kumfungia mtu kwa ombi hilo peke yake ni kumkamata upya, na sheria za jimbo hazijawapa maofisa wa hapa uwezo huo. Kinga yenyewe ndiyo hiyo. Hakuna mahali iliposemwa ICE wasije.

Na wanakuja. Mei 2025 walifanya msako hapa, na ndani ya mwezi ule wakakamata karibu watu 1,500. Jela ikikataa kumshikilia mtu, wao wanamsubiri nje. Wanasubiri mahakamani pia.

Lakini usije ukadhani kinga hiyo haina maana. Rafiki yangu tuliyekuwa tukilea wazee naye alihamia jimbo la Georgia kufuata kodi nafuu ya nyumba. Kule sheria ya 2024 inazilazimisha jela kushirikiana na uhamiaji, kama Texas walivyofanya tangu 2017. Taa ya nyuma ya gari lake iliungua, polisi akamsimamisha, leseni hana, akalala ndani. Tukachangishana dhamana. Mkewe akailipa dirishani usiku, karani akampa risiti, akakaa kwenye benchi amepakata jaketi la mumewe. Asubuhi akaambiwa mume ameshachukuliwa na uhamiaji. Ile ilikuwa dhamana ya jela. Ya uhamiaji ni nyingine, haishuki chini ya dola 1,500, na hiyo ni hakimu akikubali kuitoa. Huku kwetu, tangu Julai 2023, hata asiye na karatasi anaruhusiwa kufanya mtihani wa leseni. Taa ya nyuma isingemtenga na watoto wake.

Wanaoniuma zaidi ni wanawake. Jirani yangu mmoja alipigwa na mumewe mpaka jicho likaziba. Simu anayo mkononi, namba za kuita polisi ni tatu tu, kidole kinatetemeka juu ya kioo. Ananiuliza, kaka, wakija si wataniomba karatasi? Nikamwambia polisi wa mji huu hawaulizi. Akapiga. Walikuja, wakamhoji kwa upole, wakaondoka na mume. Hakuna aliyetaja viza. Ndiyo, alama za vidole za mume zilichukuliwa, na wasiwasi wa hilo ukahamia kwa watoto. Lakini yule mama yu hai. Polisi wakifanywa wapelelezi wa uhamiaji, mwanamke kama yeye atanyamaza, na anayempiga anajua kwamba atanyamaza. Kwa hili nitaitetea kinga ile mbele ya yeyote.

Basi sikia. Usije kuzamia. Na kama umeshaamua, usije bila mimi kujua, na usikimbilie kwenye kodi rahisi. Polisi wa mji usimwogope, ukiibiwa, karipoti. Ila usijizoeshe naye. Ukinywa, usiendeshe. Dukani usiguse usichokilipia: kwa sheria ya serikali kuu iitwayo Laken Riley, ya Januari 2025, aliyeingia nchini bila kibali akishtakiwa tu kwa wizi wa dukani, hata kabla ya hukumu, anawekwa mahabusu ya uhamiaji bila dhamana. Mlango usimfungulie afisa wa uhamiaji asiye na hati yenye sahihi ya hakimu. Karatasi usiyoielewa usiisaini, hata wakikuchekea.

Najua utasema mjomba ameshavuka sasa anavuta ngazi. Mimi karatasi ninazo, na kila ninapopita karibu na gari la polisi bila kushtuka nawakumbuka wenzangu ambao hawanazo. Mwezi uliopita mama yako hakupata fedha zake. Hakuniuliza, na najua alilala na mawazo. Zilikwenda kwenye mchango wa dhamana. Mwezi huu huenda zikaenda tena, maana yuko mwingine.

Chuo cha ufundi cha VETA pale Tanga, umeme au ufundi magari, chagua mwenyewe. Nitumie fomu yenye namba ya malipo. Ada nitaikatia kwenye mshahara wa Ijumaa, kabla simu ya mchango haijalia.