Mapokezi ya gereji: andika maneno ya mteja kama alivyoyasema

Nimekaa mapokezi ya gereji hapa Dar es Salaam muda wa kutosha kujua kwamba ugomvi mwingi wa bili huanza asubuhi, gari linapopokelewa. Mteja anasema "inagonga mbele", mpokeaji anaandika "shokapu", fundi anabadilisha shokapu, na jioni gari linatoka likigonga vilevile. Mteja ana haki kabisa ya kukasirika.

Kwa hiyo wewe unayeanza kazi hii, andika "inagonga mbele", halafu uliza. Inagonga kwenye matuta au ukikata kona? Asubuhi tu, au hata injini ikishapata moto? Mlio wa tak-tak-tak usukani ukikatwa hadi mwisho mara nyingi humpeleka fundi kwenye sivijointi, kiungo cha ekseli kinachozungusha gurudumu; kugonga kwenye matuta humpeleka kwenye bushi, boljointi au linki za stabilaiza, yaani viungo vya chini ya gari vinavyocheza gurudumu likipanda na kushuka. Ukiona mteja anashindwa kueleza, panda naye gari mzunguke mtaa, ausikie mlio huo pamoja nawe.

Chukua na namba ya chesisi kwenye kadi ya gari. Toyota IST ambayo namba yake inaanza na NCP60 ina injini ya cc 1300, NCP61 ina ya cc 1500, na kwa nje huwezi kuzitofautisha kirahisi. Kijana uliyemtuma Kariakoo akirudi na spea isiyokaa, mteja ndiye anayeendelea kusubiri. Gari la CVT, yaani lenye giaboksi ya otomatiki inayotumia mkanda, nalo liandikie kabisa oili yake, lisije likawekewa ATF, oili ya giaboksi za otomatiki za kawaida.

Fundi akikuta tatizo jingine, mpigie mwenye gari kabla kazi haijaguswa, umtumie na picha WhatsApp. Mwambie wazi kipi ni cha usalama, kama brekipedi zilizokwisha, na kipi kinaweza kusubiri mshahara. Hili nalishikilia sana, maana watu wengi huja gereji wakiwa na hofu ya kuibiwa. Spea za zamani zote zirudi kwenye gari, ndani ya boksi za mpya.

Usiahidi "kesho saa nne" wakati spea haijapatikana. Piga simu hata kama huna jipya.

Na mama akija na kijana wake, mweleze mama. Nimeona wapokeaji wengi wakimgeukia kijana, ilhali gari ni la mama na anayeendesha kila siku ni yeye.