Maswali na majibu: Ile herufi C kifuani

Tangu msimu wa hoki ya barafuni ya vyuo vya Marekani uanze, swali ni moja tu, linabadilishiwa nguo kila wiki: nahodha, yule anayeshonewa C ya “captain” kwenye jezi. Nimechagua machache. Ya bei za tiketi nimeyaacha, msiniandikie tena kuhusu tiketi.

Nahodha wa timu ya chuo ana maana yoyote kwa ushindi, au ni mapambo? (Msomaji, Lowell, Massachusetts)

Usiku wa fainali, maana yake ni ndogo kuliko mnavyotaka kuamini. Chukua Aprili 2024, St. Paul. Boston College walikuja na vijana ambao NHL, ligi kuu ya kulipwa, ilikuwa inawasubiri mlangoni: Will Smith, Cutter Gauthier, Ryan Leonard. Denver wakashinda 2–0. Aliyewaua ni kipa, Matt Davis, aliyeokoa mashuti 35. Katika mechi 4 za mtoano mwaka ule Denver walifungwa magoli 3 tu. Haya, nihesabie ni mangapi yaliyozuiwa na herufi iliyoshonwa kwenye jezi.

Au rudi 2015, Boston. Boston University wanaongoza 3–2, kipindi cha tatu, na wanaye Jack Eichel, mchezaji bora wa vyuo mwaka huo. Providence wanarusha paki, kile kisahani cheusi cha kuchezea, kutoka katikati ya uwanja, ya kuisukuma mbele tu. Kipa anaidaka juu, inamponyoka, inateleza hadi wavuni. Muda si muda, Brandon Tanev anafunga la nne. Nahodha wa Boston University, Matt Grzelcyk, alikuwa beki wa uhakika, NHL ikamchukua baadaye. Mlitaka afanyeje, amshikie kipa glavu?

Ila msiondoke bado. Hoki inachezwa kwa zamu za sekunde 40 hivi, kisha unatoka unahema, mwingine anaruka ukingo kuingia. Kwa hiyo hata nahodha anakaa benchi zaidi ya anavyocheza, na kazi yake nyingi iko hapo. Niliwahi kukaa nyuma ya benchi la chuo kimoja, jina nalihifadhi. Wamefungwa la tatu, kipa ni mtoto wa mwaka wa kwanza, mabega yamemshuka. Nahodha hakumwendea refa kulalama. Aliteleza hadi golini, akamgonga kipa pedi za miguu kwa gongo, mara mbili, taratibu, akarudi zake. Alipofika benchi akajipenyeza kati ya watu wawili ili akae karibu na beki aliyekuwa amekosea, akampa chupa ya maji. Sikuona mdomo wake ukifunguka. Walifungwa vibaya siku ile. Lakini nahodha wa namna hiyo ndiye ninayemtaka Januari, mechi zimerundikana, baridi haina huruma, na wale wa safu ya nne wameanza kununa kwa kukosa dakika. Timu huanza kuoza Januari. Nyinyi harufu mnaisikia Machi, mtoano ukianza.

Nahodha si ndiye mchezaji bora wa timu?

Mmeuliza wanne. Hapana.

Mbona basi kwenye Olimpiki ya 1980 nahodha wa Marekani ndiye aliyewafunga Wasovieti? (Mpenda historia, Mombasa)

Swali zuri, maana ni hili hasa wanalonitupia kila ninapoandika habari za unahodha. Mike Eruzione, zao la Boston University, alifunga lile la 4–3 pale Lake Placid tarehe 22 Februari 1980, na timu ya Marekani ya vijana wa vyuo ikaangusha kikosi kilichokuwa kikitisha dunia. Goli halisi, sibishi.

Sasa tazama na upande wa pili wa uwanja. Wasovieti walipiga mashuti 39, Wamarekani 16. Jim Craig golini aliokoa 36. Mark Johnson alifunga mawili. Na kabla ya yote kulikuwa na kocha, Herb Brooks, aliyeshaipa Minnesota ubingwa wa vyuo 1974, 1976 na 1979, akiwakimbiza vijana hadi miguu ikawa mizito. Siku chache kabla ya michezo, Wasovieti hao hao waliwachapa 10–3 jijini New York. Brooks alimtishia hata Eruzione kwamba anaweza kumwacha, nahodha au si nahodha.

Ukitaka kumwona Eruzione kama nahodha, liache lile goli, mtazame akipewa medali. Kijukwaa ni cha mtu mmoja. Wimbo wa taifa ulipokwisha akageuka, akawapungia wenzake mkono waje, wakajazana wote pale juu. Alikuwa na miaka 25, mmoja wa wakubwa kikosini, na NHL hakuicheza hata siku moja.

Kipa anaweza kuwa nahodha?

NHL kanuni inakataa, kwa sababu kila mjadala na refa ungemtoa golini. Vancouver walimpa Roberto Luongo unahodha 2008 hivyo hivyo, bila C kwenye jezi, na mazungumzo na refa yakafanywa na wengine. Miaka miwili ikawatosha.

Shikamoo. Mwanangu ana miaka 12, amechaguliwa nahodha wa timu ya mtaa hapa Minneapolis. Itamsaidia kupata ufadhili wa chuo? (Mama mtu)

Marahaba, mama, na hongera. Lakini hapana. Wasaka vipaji wanaangalia anavyoteleza, anavyofikiri akiwa na paki na akiwa hana. Halafu kuna mambo ambayo wazazi wengi hawaambiwi. Vyuo vya Ivy League, kina Harvard na Yale, havitoi ufadhili wa michezo kabisa. Vijana wengi hawaingii chuo na miaka 18, wanapitia kwanza ligi za vijana na kufika wakiwa na 19 au 20. Na tangu Agosti 2025 milango imefunguliwa kwa wachezaji wa ligi kuu za vijana za Kanada, waliokuwa wakizuiwa zamani, hivyo foleni imerefuka. Atakayekuuzia kambi ya mafunzo ya uongozi kwa maelfu ya dola, mfungie simu. Mnunulie viatu vinavyomkaa vizuri, na hesabu asiiache.

Siku hizi wachezaji wanahama vyuo kila kiangazi. Unahodha una maana gani kwa mgeni?

Umenigusa pabaya. Western Michigan walipochukua ubingwa wao wa kwanza 2025, wakiwalaza Boston University 6–2, nahodha wao Tim Washe alikuwa amekaa pale miaka 5. Kwa desturi za hoki, mazoezi yakiisha wa mwaka wa kwanza ndio hubaki kuokota paki. Mtu wa miaka 5 ameshaziokota, anajua nani anakwepa na nani anaokota bila kutumwa. Aliyeshuka kwenye ndege Agosti hajui hata ndoo ya paki inakaa wapi. Wapo makocha wanaomshonea C kwa sababu alifunga magoli 20 alikotoka. Wakinionyesha timu kama hiyo, mimi naulizia kipa wao ni nani.