Mkuu usilipe hiyo oda ya tisheti za Waperu!

Simamisha hiyo oda sasa hivi. Umesema unataka tisheti 300 za kuuza kwenye gwaride la Waperu Julai, hapo Paterson, New Jersey, zina bendera na mtu kavaa sombrero, ile kofia pana, na jamaa wa kuprinti anataka advansi kesho. Nimesoma mwili ukanisisimka maana hela yangu ilipotelea hapohapo.

Sombrero ni ya Mexico! Ni sawa na mtu akuuzie jezi ya Harambee Stars nje ya uwanja wa Mkapa siku Taifa Stars inacheza. Mimi nilifanya vibaya zaidi. Jamaa wa kuprinti aliniambia weka nyekundu nyeupe nyekundu, Walatino wote walewale, nani ataangalia, akaipanga mistari imelala. Tisheti 240 kwa dola 7, yaani dola 1,680, akiba ya miezi mitano ya kuosha vyombo usiku.

Bendera ya Peru mistari imesimama. Ikilala ni ya Austria.

Siku ya gwaride nimesimama na meza yangu tangu asubuhi, watu wamejaa, harufu ya kuku wa makaa kila kona, watoto na soda zao za njano za Inca Kola, wanaangalia wanapita. Akaja bibi mmoja akashika tisheti, akaigeuza ubavu taratibu, mistari ikasimama, akatikisa kichwa, akairudisha ilivyokuwa, akasema kitu kwa Kispanyola. Mjukuu wake kazaliwa hapahapa, akanitafsiria kwa Kiingereza: bibi anauliza hii ya nchi gani. Bibi akaikunja vizuri kabisa akaiweka mezani. Siku nzima niliuza 11.

Nikamrudia yule jamaa, eti dizaini nilisaini mwenyewe. Ndiyo nilisaini, ila alijua mi mgeni, na yeye ana miaka kibao anawaprintia watu haohao! Roho inaniuma mpaka leo.

Hawa Waperu sio wa kuja juzi. Wazee wao walikuja kufanya kazi viwandani wakavutana ndugu kwa ndugu, sasa Peru ina ubalozi mdogo hapo Paterson na 2016 eneo lao likaitwa rasmi Peru Square. Mtoto wa hapo hata kama Kispanyola kimempiga chenga, 28 Julai anaijua, siku Jenerali San Martín alipotangaza uhuru wa Peru 1821, na bendera ya bibi yake anaijua.

Kwa hiyo sikiliza, kabla hujatoa hata senti, chora kwenye karatasi, ingia mgahawa wowote wa kuku pale Market Street saa ambayo hakuna foleni, msalimie mama wa kaunta, mpe karatasi, nyamaza, mwangalie usoni. Akiita wenzake wa jikoni waje waone, printi. Akiinamisha kichwa pembeni, rudi nyumbani ukachore upya. Mwaka uliofuata nilifanya hivyo, mama akachukua kalamu akaniandikia Huancayo, Trujillo, Callao, akasema weka na majina ya miji, kila mtu anatafuta kwao. Niliprinti 60 tu, saa nane mchana zimeisha, na za Huancayo watu waligombania.

Uliuliza na mambo ya leseni na meza, hayo kaulize manispaa. Weka picha ya dizaini hapa usiku huu, kabla huyo jamaa hajakupigia.